Asubuhi Waliyodhani Nimelala

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyenipa pumzi siku niliyozaliwa na akanirudishia nilipokuwa mzee wa miaka sitini na tisa. Naandika haya nikiwa barazani kwangu Ujiji. Mbavu zimetulia, na sauti imerudi kiasi cha kutosha kumkemea mjukuu. Nayaandika kwa ajili ya wenye mgonjwa nyumbani anayemeza vidonge vikali, na hasa kwa wazee wenzangu ambao, kama mimi, wanaona aibu kuitwa wagonjwa.

Sehemu kubwa ya habari hii sikuiona kwa macho yangu, maana sikuwa na fahamu. Nimeikusanya kwa mke wangu Mwajuma, kwa mwanangu Sadiki, na kwa mwanamke tuliyemwita Mama Feza. Pale wanapotofautiana nimemfuata Mwajuma, kwa sababu ndiye ninayeishi naye.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa mkanda wa jeshi. Ulianza mwezi wa Shaaban kama muwasho chini ya titi la kushoto, kisha malengelenge yakanizunguka mbavu hadi mgongoni kama mtu aliyefungwa kamba ya moto. Malengelenge yalikauka, maumivu yakabaki. Sikuweza kuvaa kanzu. Shuka ikinigusa upande ule, hata pembe yake tu, nilipiga kelele mpaka majirani wakajua. Nilifundisha madrasa nikiwa na kikoi tu, kifua wazi, jambo ambalo sikuwahi kulifanya tangu nianze kazi hiyo.

Miaka ile ilikuwa ya wakimbizi. Hospitalini tulikaa kwenye mabenchi pamoja na watu waliovuka ziwa na watu waliovuka mpaka kwa miguu, wengine wakiwa na vidonda ambavyo ukiviona unasahau vyako. Nilingoja tangu asubuhi hadi adhuhuri. Mganga aliponifikia macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi, lakini alinieleza taratibu. Alinipa bahasha mbili ndogo za karatasi: moja ya vidonge vyeupe vya maumivu makali, nyingine ya vidonge vya njano vya kulegeza mwili.

"Mzee, kimoja kimoja," alisema. "Asubuhi, mchana, usiku. Usizidishe hata ukiumia. Ukiumia, njoo."

Niliitikia. Nilielewa vizuri kabisa. Sitaki mtu amlaumu mganga yule.

Sasa nimweleze Mama Feza. Alikuwa Mkongomani kutoka ng'ambo ya ziwa, Mkristo, umri wa binti yangu mkubwa. Kwao alikuwa akifanya kazi katika zahanati ya misheni. Aliletwa kambini pamoja na mama yake na mtoto wake Feza, kisha akawaacha huko akapata kibali cha kuja mjini kutibiwa jicho. Jicho likachelewa kupona, kibali kikaisha muda. Mwajuma alimkuta ameketi kwenye mabenchi yale yale ya hospitali, hana pa kulala, akaja naye nyumbani. Tukampa chumba cha uani.

Sadiki hakupenda. Yeye ni mfanyabiashara wa dagaa, mtu wa mahesabu na tahadhari. Aliniambia wazi, "Baba, huyu hana kibali. Wakija kumkamata watatukamata na sisi." Nilimjibu kwamba mgeni hafukuzwi mwezi unapokaribia kuandama. Tukazozana, na tukaendelea kuzozana kila wiki.

Mwezi ukaandama. Ramadhani ile iliangukia katikati ya mvua.

"Wewe hufungi," Mwajuma aliniambia.

"Nafunga."

"Si wewe unayewafundisha watu kwamba mgonjwa ale, atalipa akipona?"

"Mgonjwa ni yule asiyeweza kusimama. Mimi nasimama."

"Unasimama umeshika ukuta."

Nikafunga. Miaka zaidi ya thelathini nimesomesha watu ruhusa ile, aya kwa aya, na nikawakemea waliojikaza hadi wakazimia. Lakini ruhusa ilipofika mlangoni kwangu niliiona kama ni ya watu wengine.

Kosa langu lilianzia hapo. Kidonge cha asubuhi na cha mchana havikuwa na mahali, kwa sababu mchana nimefunga. Nikavihamishia daku, nikameza vya siku nzima kwa pamoja kabla ya alfajiri. Kwa siku chache nilijiona hodari. Kisha maumivu yakawa yananirudia alasiri, darasani, mbele ya wanafunzi. Nikaongeza vingine wakati wa futari. Halafu nikaongeza tena daku, ili mchana nisiumie. Katika akili yangu sikuwa nimezidisha kitu. Nilikuwa napanga tu upya saa za dawa ziendane na saa za ibada. Sikumwambia mtu.

Mwili ulinionya. Choo kilifunga. Miguu ilikuwa kama ya mtu anayetembea ndani ya mashua. Nilisinzia nikisomesha, nikachanganya sura mbili, na wanafunzi wakaziba midomo. Mmoja akanong'ona kwa sauti ya kusikika, "Maalim amelewa saumu." Nilicheka pamoja nao.

Asubuhi yenyewe nilikula daku, nikameza vidonge, nikaswali alfajiri nimekaa, nikalala. Hadi hapo nakumbuka. Mengine ni ya kusimuliwa.

Katika Ramadhani nyumba zetu huchelewa kuamka. Watu wamekesha kwa swala na daku, basi mzee akilala hadi saa nne hakuna anayeshangaa. Wanasema amefunga, mwacheni. Nilikoroma. Nilikoroma kwa nguvu kuliko siku zote, sauti nzito ya maji maji, inakatika, kisha inaanza tena. Bi Tatu, jirani yetu, alikuwa kwenye kibaraza cha uani anachagua mchele na Mwajuma.

"Leo Maalim ameingiza trekta chumbani," alisema.

"Mwache alime," Mwajuma akajibu. Wakacheka.

Baadaye trekta likapungua sauti. Mwajuma akashukuru moyoni kwamba sasa napumzika vizuri. Aliingia chumbani kuchukua ungo, akaona midomo yangu imegeuka rangi ya zambarau na povu limetoka pembeni. Aliita jina langu. Aliita tena. Kisha akapiga ukelele uliomleta Sadiki, ambaye siku hiyo alikuwa nyumbani kwa sababu mvua ilizuia kuanika dagaa.

Wakafanya yale tunayomfanyia mtu anayeaga dunia. Wakanilaza chali, uso kibla. Ili uso uelekee sawasawa wakaniwekea mto chini ya kichwa, kisha mto wa pili, hadi kidevu kikagusa kifua. Sadiki akapiga magoti akaanza kunisomea shahada sikioni huku analia. Bi Tatu akakimbilia kwake kuleta chupa ya maji ya zamzam aliyokuwa ameitunza tangu alipohiji, akaanza kunitilia kinywani kwa kijiko. Walifanya haya yote kwa mapenzi, na kila walilolifanya lilinisogeza karibu na kaburi.

Mama Feza alikuwa ndani ya chumba chake cha uani anatwanga sombe, kisamvu cha kwao. Alikuja na mikono iliyojaa majani.

"Mama, hapana! Musimpe maji!"

"Ni zamzam," Bi Tatu alisema.

"Hata zamzam. Muzee hawezi kumeza. Inaingia kwa mapafu."

Sadiki aliinuka. "Mama Feza, toka. Haya ni mambo yetu. Baba anakata roho."

"Hajakata. Ona tumbo lake, linapanda." Aliniita kwa sauti kubwa, akanipiga bega. Kimya. Halafu akauliza, "Ule upande wa ugonjwa ni huu?"

"Ndio huo," Mwajuma alisema. "Usiuguse, hata shuka hataki."

Mama Feza akakunja ngumi, akasugua mbavu zangu za kushoto kwa vifundo vya vidole, pale pale palipoungua. Mwajuma anasema alifumba macho akingoja nipige kelele. Sikukunja hata uso.

"Munaona?" Mama Feza alisema. "Huyu hajalala. Amekula nini? Dawa zake ziko wapi?"

Aliitupa ile mito miwili sakafuni. Akaniinamisha kichwa nyuma, akainua kidevu, akanigeuza ubavu huku ameshika shingo, akafuta kinywa changu kwa pembe ya kanga. Maji na povu vikamwagika godoroni. Ile sauti ya kukoroma ikakatika palepale na hewa ikasikika ikiingia. Lakini pumzi zilikuwa mbali mbali mno. Nilivuta pumzi moja. Mwajuma akaanza kusoma Kul huwallahu, akaimaliza, akairudia hadi mwisho, ndipo ikaja ya pili.

"Haitoshi," Mama Feza alisema. "Lazima nimupulizie."

Sadiki alielewa maana yake, akasimama katikati. "Hapana. Huwezi kuweka mdomo wako kwa baba yangu. Huyu ni Maalim!"

Basi mke wangu, ambaye katika miaka arobaini ya ndoa sijawahi kumsikia akimpandishia sauti mwanawe mbele ya watu, alimwambia hivi: "Sadiki, kabla hajawa Maalim alikuwa mume wangu. Nimeruhusu. Pisha, au pulizia wewe."

"Mimi sijui."

"Basi pisha."

Mama Feza alinilaza tena chali, bila mto, kichwa kimeinama nyuma. Akanifunika midomo kwa kanga nyepesi, akanibana pua, akapuliza. Kifua kikainuka. Akahesabu hadi tano, akapuliza tena. Alipofika mara ya kumi na kitu alimwambia Mwajuma, "Njoo, mama, wewe ni mke wake. Nitakuonyesha." Wakawa wanapokezana. Mwajuma akipuliza, Mama Feza anashika kidevu. Nimeambiwa midomo yangu ilianza kurudia rangi ya watu.

Sadiki alikwisha kutoka mbio kwenye mvua kwenda mtaa wa Buzebazeba kwa rafiki yake mwenye pikapu ya kubebea dagaa. Hadi leo hawezi kusema alifikaje. Aliporudi nayo walinipakia juu ya magunia, ubavu, mkono wa Mama Feza chini ya taya langu. Mkono wake wa pili ulishika zile bahasha mbili. Alikuwa amezipata dirishani, karibu tupu.

"Wewe baki," Sadiki alimwambia. Mwajuma anasema safari hii hakusema kwa ukali. "Njiani kuna kizuizi. Huna kibali."

"Nikibaki, nani atashika shingo hii? Mama akimupulizia, mimi nashika. Twende."

Askari kizuizini alikuwa kijana mrefu mwenye koti la mvua. Alichungulia nyuma, akaona wanawake wawili wameloa, wamemwinamia mzee aliyelala juu ya magunia.

"Shikamoo, mama. Kuna nini?"

"Marahaba. Mgonjwa," Mwajuma alisema. "Baba yako huyu."

"Na huyu dada? Kibali chake?"

Mama Feza hakuinua kichwa. "Kimekwisha muda, afande. Unaweza kunikamata. Lakini nikiondoa mukono, huyu anakufa. Kamata kwanza shingo, ndiyo unikamate mimi."

Sadiki alikuwa ameshaanza kujieleza kwa maneno mengi kutoka dirishani, kila neno likizidi kuharibu. Askari akamwambia, "Wewe nyamaza, washa gari." Kisha akapanda nyuma, akavua koti lake la mvua, akalitandaza juu yetu kama hema. "Nitamkamata hospitalini," alisema. "Mpulizieni mzee."

Hivyo ndivyo nilivyofika hospitali, nikinuka dagaa, chini ya koti la serikali.

Kule Mama Feza aliwapa wauguzi bahasha, akawaeleza kwa ufupi alivyonikuta na nilivyokuwa nikipumua. Wakanichoma sindano, wakanipulizia hewa kwa mfuko wa mpira. Mwajuma akabaki benchi la nje. Mama mmoja wa kijiji cha Kalinzi aliyekuwa akimuuguza mwanawe alimvua kanga iliyoloa na kumfunga kitenge chake kikavu, bila hata kuulizana majina.

Akiwa hapo mganga alitoka kumuuliza, kwa sauti ya chini, kama kulikuwa na ugomvi nyumbani. Kama mzee alikuwa na huzuni. Vidonge vilikuwa vimepungua kupita kiasi, alisema, na lazima aulize. Mwajuma alikasirika. Sadiki hakukasirika, aliketi chini, kwenye sakafu yenye tope la viatu vya watu, akashika kichwa. Jana yake tulikuwa tumezozana tena juu ya Mama Feza, na maneno yake ya mwisho kwangu yalikuwa, "Haya, fanya utakavyo." Saa ile yote aliamini kwamba nilikuwa nimefanya nilivyotaka.

Niliamka nikitapika. Kitu cha kwanza nilichokihisi ni mbavu zangu kuniuma, na sijawahi kufurahia maumivu namna ile. Sadiki alikuwa ameinama juu yangu.

"Baba, umekusudia?" aliuliza, kabla hata ya salamu.

"Nini?"

"Dawa."

"Nilikuwa nafunga," nilisema.

Alicheka na kulia kwa pamoja, akatoka nje kwenda kumwambia mama yake. Kisha nikajiona mzima, nikataka kurudi nyumbani, na Sadiki akaanza kunitafutia viatu. Muuguzi akakataa kata kata. Alikuwa na haki, maana sijamaliza kubishana nikazama tena. Dawa niliyomeza ilidumu mwilini kuliko sindano. Wakanichoma nyingine, na usiku kucha wakanikalia karibu.

Nililala wodini hadi siku ya mwisho ya Ramadhani. Maji yaliyoingia mapafuni yalileta homa na kikohozi, nikachomwa sindano asubuhi na jioni mpaka sikujua nikalie upande gani. Bi Tatu alikuja kunitazama akiwa na uji, akalia akaomba radhi kwa ajili ya kile kijiko. Nilimwambia mimi ndiye niliyemfundisha kufanya vile, na sikumfundisha kwamba kwanza atazame kama mtu anaweza kumeza. Sauti ilipotea kabisa. Idi niliiswali nimekaa nyuma, na mwanafunzi wangu ndiye aliyetoa takbira.

Wako waliouliza kwa utani kama pumzi za Mkristo zinavunja saumu. Niliwaandikia kwenye ubao, kwa kuwa sikuweza kusema: "Zimeunga mtu."

Mama Feza sikumkuta nyumbani. Yule askari alikuwa amengoja hadi aliposikia kwamba nimefumbua macho, akamnunulia chai, kisha akampeleka ofisini kwao, na kesho yake alirudishwa kambini kama sheria ilivyotaka. Mwajuma alipofungua chumba cha uani alikuta sombe imekaukia kinuni.

Mvua ziliisha, kiangazi kikaja, sauti ikarudi kidogo kidogo. Nilianza kusomesha jambo jipya pamoja na yale ya zamani. Kila Ijumaa baada ya swala nilimlaza mtu mmoja mkekani, na wengine wakajifunza kumgeuza. Nawaambia hivi, na wewe unayesoma nakuambia: mtu aliyemeza dawa akikoroma kwa namna usiyoizoea, usimcheke, mwamshe. Asipoamka, mtese kidogo. Asiposhtuka, ita watu na utafute gari. Usimtie kitu kinywani, hata kama ni kitu kitakatifu. Toa mito, inua kidevu, mgeuze ubavu. Kama pumzi ni chache, mpulizie, na asikuzuie cheo chake wala dini yako. Beba dawa zake uende nazo. Akiamka, usimrudishe nyumbani hadi mganga aseme. Shahada msomee pia. Mikono ya kumshika na ulimi wa kumsomea havigombani.

Maumivu ya mbavu hayajaisha. Mganga yule yule alinipa dawa nyingine, nyepesi zaidi, lakini sharti ni lile lile: asubuhi, mchana, usiku, pamoja na chakula.

Ramadhani iliyofuata ilipoingia nilimwomba Sadiki anipeleke kambini. Alikuwa amekwisha kuomba ruhusa ya kuingia kabla sijamwambia, na nyuma ya gari alikuwa ameweka gunia la dagaa bora aliowachagua mwenyewe. Tulifika karibu na adhuhuri. Mama Feza alitoka kwenye kibanda cha turubai, jicho limepona, mtoto wake akimshika sketi. Alimtazama Sadiki, Sadiki akainamisha kichwa akamwamkia "Shikamoo" kana kwamba ni mama yake mdogo. Sikumsahihisha.

Nilikuwa nimetayarisha maneno ya shukrani, marefu, yenye aya mbili na hadithi moja. Nilipofungua mdomo Mama Feza akauliza, "Muzee, dawa ya mchana umekunywa?"

"Bado."

"Kwa nini?"

Jirani zake wengi walikuwa Waislamu. Walikuwa wameketi kivulini wamefunga, na walikuwa wameshaambiwa kwamba mgeni ni maalim kutoka Ujiji. Wote walinitazama. Mama Feza aliingia ndani akatoka na sahani ya ugali wa muhogo na dagaa wachache, na kikombe cha maji, akaviweka mbele yangu juu ya mkeka, peupe. Akaketi kuningoja.

Nilinawa mikono. Nikasema bismillahi kwa sauti ya kusikiwa na wote, nikala hadi nikashiba, kisha nikameza kidonge changu. Kimoja.